Kirekebishi cha chumba: kabla hujauliza bei, uliza kinakaa wapi

Wasomaji wananitumia malalamiko yanayofanana. Prodyusa mmoja wa Rongai alinunua programu ya kurekebisha sauti ya chumba, akapima kwa maiki kama alivyoelekezwa, grafu ikanyooka. Wimbo ulipofika kwenye matatu ukasikika mwembamba, ngoma ya chini haipo. Mwingine wa Umoja anasema kila akiwasha kirekebishi sauti inashuka, kwa hiyo amekizima na hela zake zimelala. Wa tatu ndiye aliyenifanya niandike. Wimbo wa mfano ambao msanii humletea kwenye simu unapiga kuliko miksi yake hata afanyeje, na sasa anataka nimwambie anunue spika gani.

Asinunue spika. Nilimuuliza kitu kimoja tu: simu ya msanii unaichomeka wapi? Kwenye mikisa, akasema, na mikisa ndiyo inayopeleka sauti kwenye spika. Basi, hapo ndipo shida ilipo. Kirekebishi chake kinakaa ndani ya laptopu. Miksi inapita kwenye laptopu, kwa hiyo inarekebishwa. Wimbo wa simu haupiti huko, unafika kwenye spika na uvimbe wote wa besi ambao chumba kinauongeza. Analinganisha nyimbo mbili kana kwamba ziko katika vyumba viwili, na yeye hajainuka kwenye kiti.

Mwongozo huu wote nimeupanga kwa swali hilo: kinakaa wapi? Kama unataka kujua pointi ngapi za kupimia, sura ya programu au kama inakubali Mac, kampuni zenyewe zimeeleza na video zipo tele. Mimi nataka kujua kama marekebisho yamehifadhiwa ndani ya kompyuta, ndani ya kiboksi kilicho kati ya saundi kadi na spika, au ndani ya spika zenyewe. Yakikaa kwenye kompyuta, chochote kisichopita huko kinayakwepa: simu, kibodi iliyochomekwa moja kwa moja, mashine ya DJ.

Na huyo wa Rongai? Aliacha plagini, yaani kirekebishi chake ndani ya programu ya muziki, imewashwa kwenye chaneli kuu alipokuwa akitoa wimbo. Chumba chake kinavimbisha besi, plagini inaipunguza, na upungufu huo ukaingia ndani ya faili na kupanda matatu pamoja nayo. Kiboksi kilichokaa baada ya saundi kadi hakiwezi kukufanyia hivyo hata ukilewa usingizi saa tisa usiku.

Kuna na kurekodi. Programu hizi huwa na njia zaidi ya moja ya kufanya kazi, na ile inayotunza mpangilio wa wakati wa masafa yote huchelewesha sauti. Ukiwa unamiksi hutajali. Mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa atajali sana, kwa hiyo unazima. Kisha unasahau kuwasha, unamiksi jioni nzima bila marekebisho, na asubuhi unalaumu masikio.

Je, vina thamani ya pesa? Ndiyo, ila chumba cha Nairobi kina ukorofi wake. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za bodi ya jasi juu ya mbao. Ukuta wa namna hiyo hutikisika na kuachia sehemu ya besi itoke. Sisi tumejenga kwa mawe, tukapiga plasta, tukaweka vigae sakafuni. Jiwe halitikisiki, linakurudishia besi karibu yote. Halafu chumba chenyewe cha ploti ni futi 10 kwa 10. Hiyo ni mita 3.05 kila upande. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa kwenda na kurudi, unapata Hz 56, yaani mitetemo 56 kwa sekunde, masafa ambayo chumba hicho kinayavimbisha. Hapo ndipo ngoma ya chini ya nyimbo zetu nyingi inapokaa. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta zote mbili zinapigia masafa hayo hayo, yanajumlishana.

Ukikaa katikati ya chumba kama hicho, Hz 56 inapotea. Huisikii. Mteja aliyeketi kitandani, mgongo ukutani, anaisikia imejaa hadi kifuani. Wewe unaongeza ngoma, yeye anasema imezidi, mnabishana, na wote wawili mko sahihi.

Kirekebishi kikipimwa pale katikati kitaona shimo na kujaribu kulijaza. Hakitaweza. Ukipandisha desibeli 6 umeomba amplifaya nguvu mara 4, lakini wimbi linalorudi kutoka ukutani nalo limepanda kwa kiasi kile kile na linalifuta lile la mbele kama zamani. Umechosha spika bure. Tena spika ambayo pengine haina cha kutoa: Yamaha HS5, ambayo nusu ya studio za mtaani wanayo, inaanza kushuka Hz 74 kwa kipimo cha desibeli 3, na Hz 54 imeshashuka desibeli 10. Hiyo ndiyo sababu sauti ya yule wa Umoja inazama: programu imeshusha kila kitu ili ipate nafasi ya kupandisha kilichokufa. Nilimwambia apunguze kiasi ambacho programu inaruhusiwa kupandisha, kisha alinganishe kwa sauti ya kiwango kimoja. Sasa anakitumia.

Uvimbe ni jambo jingine. Pale chumba kinapoongeza, kirekebishi kinapunguza vizuri sana, na hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi. Kwa hiyo sogeza kiti kitoke katikati, weka rokiwuli nene, ile sufi ya mawe inayonyonya sauti, kwenye kona, kisha ndiyo upime. Trei za mayai ulizobandika ukutani warudishie wenye mayai.

Sasa orodha. Nasema mapema kwamba mimi ni mtu wa Genelec, na atakayeona nina upendeleo ameona sawa.

Ya kwanza: spika za Genelec zenye GLM, programu yao ya kupima na kurekebisha chumba. Wafini hawa wanatengeneza spika za studio tangu 1978, na familia yao ya spika zenye akili wameiita SAM. Unapima kwa maiki ya kifurushi cha GLM, programu inapanga, kisha unahifadhi mpangilio ndani ya spika zenyewe. Chomoa kompyuta, peleka jikoni, marekebisho yamebaki. Simu ya msanii inarekebishwa. Kibodi inarekebishwa. Huwezi kuyatoa pamoja na wimbo kwa bahati mbaya. Kwa chumba kidogo 8330A yenye wufa ya inchi 5 inatosha kabisa, na 8320A ya inchi 4 si ya kudharauliwa. Kubwa zaidi ya hapo kwenye futi 10 ni kumchokoza jirani.

Ila hapa ndipo ninapopandwa na hasira. 8030 si 8330. Zinafanana kwa sura, majina yanapishana tarakimu moja, lakini 8030C haina GLM kabisa, ina vile viswichi vidogo vya nyuma tu. Nimesimama dukani katikati ya mji nikimsikiliza muuzaji akimhakikishia kijana kwamba "zote ni Genelec, utanunua maiki baadaye". Maiki ya nini? Nilipoingilia nikaambiwa, "mama, wacha tufanye kazi." Kijana alikuwa tayari ametoa simu alipe M-Pesa. Soma namba ya nyuma ya spika mwenyewe, na kabla ya kulipa uliza kama kifurushi cha GLM kimo kwenye bei, kwa sababu huuzwa peke yake.

Ya pili: ARC Studio ya IK Multimedia. Kama una spika tayari na hutaki kuzitupa, nunua hii na usiniulize tena. Waitaliano hawa wameweka marekebisho ndani ya kiboksi. Sauti inatoka kwenye saundi kadi, inapita kiboksini, inaingia kwenye spika. Maiki inakuja nayo. Kompyuta unaihitaji wakati wa kupima tu. Yule msomaji wa simu na mikisa angeweka kiboksi baada ya mikisa, shida imekwisha. Ina njia mbili tu, kushoto na kulia, kwa hiyo mwenye sabwufa aipange baada ya kiboksi. Wapo watakaolalamika kwamba sauti inageuzwa kuwa dijitali na kurudishwa mara moja zaidi. Katika chumba cha mawe cha futi 10, ukiisikia tofauti hiyo, hongera.

Ya tatu: spika za Neumann na maiki yao ya kupimia, MA 1. Mpango ni ule ule wa marekebisho kukaa ndani ya spika. KH 80 DSP, KH 120 II na KH 150 zinaukubali. KH 120 A ya zamani ikiwa peke yake haiukubali, na ndiyo iliyojaa kwenye matangazo ya mitumba ya Uingereza. Utahitaji pia kuziunganisha kwa nyaya za mtandao. Ni spika nzuri, sitadanganya. Nimeziweka hapa kwa sababu orodha ni yangu.

Ya nne: SoundID Reference ya Sonarworks. Ndiyo maarufu kuliko zote, inatoka Latvia, na upimaji wake wa pointi 37 unamwongoza hata mtu asiyewahi kushika maiki ya kupimia. Lakini inakaa kwenye kompyuta, na yote niliyosema juu yanaihusu. Inapanda hadi nafasi ya pili kama una spika za A Series za ADAM Audio au baadhi ya saundi kadi za Apollo za Universal Audio, kwa sababu huko marekebisho yanaweza kuhamishiwa ndani ya kifaa. Bila hivyo, bandika karatasi kwenye skrini: ZIMA KABLA YA KUTOA.

Maiki yake ina namba, na namba hiyo ndiyo inayoleta faili la kuisahihisha. Maiki mbili za aina moja hazisikii sawasawa, ndiyo maana kuna faili. Sasa utakuta mtu mtandaoni anauza maiki ya mtumba, stika imebanduka, halafu anakwambia "tumia faili lolote, ni sawa". Si sawa. Unapima kosa la maiki na kulirekebisha kwenye spika. Mwingine anakuuzia programu yenyewe ndani ya flashi, imevunjwa kufuli. Na wote hao wameandika "bei: inboksi". Kwa nini inboksi? Ukiandika kwa jina la kike unatajiwa bei moja, kaka yako akiandika anatajiwa nyingine. Duka lenye kuthubutu kuandika bei hadharani, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani, lina biashara yangu hata likiwa ghali kidogo. Na ukiagiza mwenyewe kutoka nje, usishangilie bei ya dola kabla ya kupita forodha.

Virekebishi vya Trinnov ya Ufaransa ni vya watu wanaojenga studio kwa ramani ya msanifu. Tupite.

Na wale wanaotangaza spika ya KRK Rokit G4 kuwa "ina kirekebishi cha chumba ndani": ina kiskrini nyuma na mipangilio 25 ya kuchagua kwa mkono. Haina maiki, haipimi chochote. Inasaidia, lakini anayechagua ni wewe.

Za bei ya chini: REW, programu ya kupimia, ni bure, Equalizer APO ya Windows, ya kurekebishia, ni bure, na maiki ya UMIK-1 ya miniDSP inakuja na faili lake. Vinafanya kazi ukiwa na subira ya kusoma. Vinakaa kwenye kompyuta.

Kupima, pima usiku mkubwa. Mchana lori likipita nje, maiki inalisikia kwenye besi na programu itadhani ni chumba. Kitanda kiwe pale kinapokaa siku zote na godoro lake, mlango katika hali ile unayomiksia. Ukihamisha meza, pima upya. Ukihama nyumba, na huku mwenye ploti akipandisha kodi tunahama, vipimo vyote vya zamani ni takataka, iwe ni vya Genelec au vya bure. Kama unajua hutamaliza mwaka hapo, chukua SoundID ya hedifoni peke yake. Ni nafuu kuliko ile ya spika, haihitaji maiki, na hedifoni hazijali ukuta. Hakikisha tu aina yako imo kwenye orodha yao kabla ya kulipa, kwa sababu hedifoni bandia huwa na jina lililomo na sauti isiyomo.