Tanki la dizeli kuvalishwa kaboni: kazi safi ila wasimamie

Tanki letu la yadini Kigamboni ni la lita elfu 20, bati milimita 3 tu, sasa kijana kapampu mafuta kuyatoa huku kile kibomba cha hewa cha juu kakifunga nailoni eti vumbi lisiingie, dakika chache ubavu ukaingia ndani pu! kama chupa ya maji ukiinyonya. Bati pana na jembamba hivyo hewa ya nje hailiogopi.

Welda nilimkataa, cheche na mvuke wa dizeli hapana. Nikaita hawa wa kaboni, wanaobandika kitambaa cha nyuzi za kaboni juu ya bati kwa gundi. Tanki likasafishwa, wakajaza maji, bonde likarudi karibu lote, likapigwa mchanga mpaka likawa jeupe. Kesho yake saa moja asubuhi wanataka kupaka gundi. Nikapitisha kiganja, bati limelowa umande. "Bosi litakauka tu hilo." Nikagoma mpaka saa nne. Uzi wa kaboni ni mgumu kuliko chuma lakini gundi isiposhika hicho ni kitambaa tu.

Mchana dogo mmoja akachanganya epoksi, ndo hiyo gundi, ndoo nzima juani, tunageuka ndoo inafuka moshi, imeganda jiwe. Hasara wakala wenyewe, hawakunidai hata mia.

Kilichonikosha, walitangulia na tabaka la faibaglasi (nyuzi za kioo) ndo kaboni ikaja juu. Kaboni ikigusana na chuma moja kwa moja, na chumvi ya bahari hii yetu, chuma kinaliwa fasta. Wala sikuwaambia. Halafu hawakuvalisha tanki zima, wamezungusha mikanda kama pete za pipa, na kwa tanki linalonyonywa ndo penyewe, ubavu hauna nafasi ya kuingia, na bei ikashuka ingawa bado milioni nne na ushee.

Siku ya kukabidhi nikapita na sarafu ya 200 nagonga, ti ti ti, nafika upande wa geti du du, patupu saizi ya sahani, gundi haijashika. Wakakubali kurudia ila nimepiga simu mpaka nimechoka, siku tisa.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimekata maana hakuna aliyeniuliza habari ya kupumua kwa tanki, valvu ya kupitisha hewa nimetafuta mwenyewe Kariakoo. Kijana sasa kila Jumatatu anapanda ngazi kuangalia nyigu hawajajenga humo.