Uzoefu wangu na chapa ya "Kristo katika Foleni ya Mkate" ya Fritz Eichenberg

Mwezi wa Februari, nikiwa Philadelphia ninakofanya kazi, niliagiza kwa posta chapa ya nakshi ya mbao, yaani picha iliyopigwa karatasini kutoka kwenye ubao uliochongwa na kupakwa wino, iitwayo "Kristo katika Foleni ya Mkate", ambayo msanii Fritz Eichenberg aliichonga mwanzoni mwa miaka ya 1950. Muuzaji ni mfanyabiashara wa picha za zamani, na bei yake ilinigharimu karibu mshahara wa wiki mbili, fedha ambazo nilikuwa nimeziweka kidogo kidogo kwa miezi minane. Ninaandika kwa ajili ya wale ambao, kama mimi, hawajawahi kununua kazi ya sanaa na wanaogopa kudanganywa.

Picha yenyewe imenipa zaidi ya nilichotarajia. Inaonyesha watu maskini waliojikunyata kwa baridi, wamejifunika na kuinua kola za makoti, wakingoja chakula cha msaada, na katikati yao yupo Kristo, umbo jeusi lililozungukwa na mwanga. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye skrini nilidhani yeye ndiye anayegawa mkate. Ilipofika na nikaikaribia ndipo nilipotambua kwamba hagawi chochote, bali amepanga foleni na anangoja zamu yake kama wenzake. Nilikaa chini.

Inafaa kueleza jinsi kazi hii inavyofanywa, kwa sababu ndiyo njia ya kutambua chapa halisi. Mchongaji huchukua kipande cha mti mgumu kilichokatwa kwa kuvuka gogo, si kwa kufuata urefu wake, ili patasi yake nyembamba ipite upande wowote bila kuchana nyuzi. Kila anachokichonga hutokea cheupe karatasini, na kila asichokigusa hushika wino na kubaki cheusi, kwa hiyo anaanza na giza tupu na kuufungulia mwanga njia mstari kwa mstari. Kwa kioo cha kukuzia niliona mistari hiyo ikiwa safi kabisa, bila zile nukta ndogo ndogo zinazoonekana katika picha zilizonakiliwa kwa kamera na kupigwa chapa kiwandani. Chini yake kuna saini ya penseli. Katika hayo sina lalamiko lolote, na ufungashaji ulikuwa mzuri.

Lalamiko langu linahusu kadi ya maelezo iliyoambatana na picha, ambayo ilimtaja Eichenberg kuwa "mchongaji Mkatoliki wa Marekani". Naelewa kosa hilo lilikotoka, kwa maana picha hii inajulikana zaidi kupitia Catholic Worker, gazeti la Kikatoliki la kuwatetea maskini, ambalo Dorothy Day na Peter Maurin walilianzisha New York mwaka 1933 na kuliuza kwa senti moja. Lakini kadi ile ilimfuta mtu mzima.

Eichenberg alizaliwa Cologne, Ujerumani, tarehe 24 Oktoba 1901, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa mtoto aliishi chini ya mabomu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na chuki yake dhidi ya vita haikumtoka tena. Alisomea uchoraji Cologne na Leipzig, kisha akafanya kazi katika magazeti ya Berlin, ambako michoro yake ilimkejeli Hitler kabla hajashika madaraka. Mwaka 1933 aliondoka na kufika New York, mhamiaji katika nchi ambayo yenyewe ilikuwa na foleni ndefu za wasio na kazi. Alipata riziki kwa kufundisha na kwa kuchonga chini ya mradi wa serikali ulioajiri wasanii. Mke wake alifariki mwaka 1937. Huzuni ilimvunja, akatafuta utulivu katika tafakuri ya Kibudha ya Zen, na mwaka 1940 akajiunga na Jumuiya ya Kidini ya Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo watu wake huitwa pia Quakers.

Nilipofika hapo katika kusoma habari zake, nilirudia kusoma. Mimi nimelelewa katika kanisa la Marafiki karibu na Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako wamisionari wao walifika mwaka 1902, na leo nchi yetu ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwetu kuna wachungaji, mahubiri na nyimbo, ilhali Marafiki wengi wa huku Philadelphia hukaa kimya mpaka mtu aguswe kusema, na kwa miaka mingi nimewaona kama wageni kwangu. Ni katika kituo cha Marafiki cha Pendle Hill, hapa Pennsylvania, ambapo Eichenberg alikutana na Dorothy Day mwaka 1949, na Dorothy akamwomba picha ambazo hata asiyejua kusoma angezielewa. Alizitoa bila malipo. Myahudi aliyekimbia Ujerumani, akiwa Rafiki, ndiye aliyewachongea Wakatoliki maskini Kristo anayengoja mkate, na siwezi tena kuitazama picha hii bila kufikiri kwamba mchongaji mwenyewe alijua kungoja katika nchi ya watu.

Kasoro nyingine ni ndogo: fremu ilikuwa na kadibodi ya kawaida kwa nyuma, ambayo hutoa asidi na kuigeuza karatasi kuwa ya kahawia, hivyo nililazimika kuibadilisha kwa gharama yangu. Ombeni picha ya upande wa nyuma kabla ya kulipa.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu ile kadi. Alinijibu kwa heshima, na wiki tatu baadaye ikafika nyingine, yenye jina la mchongaji, asili yake ya Kiyahudi, Cologne 1901 alikozaliwa na Peace Dale, Rhode Island, alikofariki mwaka 1990. Nimeibandika nyuma ya fremu mpya.