TAHADHARI: Anayetuma vitabu vya wanyama na ndege wa Udzungwa kwa basi ni tapeli

Jamani, yule wa vitabu. Mnajua anayesemwa, na namba yake wengi mnayo. Waongoza wageni wa Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, wamepigwa, wanafunzi wa wanyamapori wamepigwa, wote kwa mtindo uleule. Kinachouma ni kwamba huyu si tapeli mjinga. Msitu anaujua.

Anavyokuingiza ni hivi. Ukimwambia unataka kitabu cha mamalia, hakutajii bei. Anakuuliza kwanza: "Unaishia maporomoko ya Sanje au unapanda hadi kilele cha Mwanihana?" Ukitaja kipunji, yule kima adimu, anakurekebisha: huyo mtafute msitu wa Ndundulu, upande wa msitu wa Mwanihana kuna ngolaga, kima mwingine, na mbega mwekundu. Na ni kweli tupu! Sasa mtu anayetenganisha Ndundulu na Mwanihana utamshuku kwa lipi? Halafu anakurushia video, mkono unafunua ukurasa mmoja mmoja wa kitabu cha mamalia wa Afrika cha Jonathan Kingdon, toleo la pili, la 2015, rangi zimetulia. Kitabu halali kabisa. Ila hicho ni cha kupigia video, hakiuzwi.

Anataka elfu tisini, eti kaachiwa na mtafiti aliyerudi kwao. Hela inaenda kwenye namba ya kawaida, jina linalotokea si lake, "ni la shemeji, tuma tu bosi". Mzigo unapanda basi la Ifakara ukiwa umebanwa nailoni ngumu, na juu yake stika: USIFUNGUE HADI UFIKE, UNYEVU UNAHARIBU KARATASI. Ona ushetani huo. Unyevu unaharibu karatasi kweli, ndiyo maana hakuna anayebisha, na kitabu kinakuja kufunguliwa getini, wageni wamesimama na mabegi mgongoni wanatazama.

Jalada la 2015, kurasa za ndani ni za toleo la kwanza, la 1997. Kipunji alielezwa kisayansi mwaka 2005, sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) wa Udzungwa mwenye uso wa kijivu 2008. Toleo la 1997 litawatoa wapi? Mgeni aliyekuja mahsusi kwa hao wawili anafunua, anafunua, hawapo.

Cha ndege ndiyo balaa. Kwenye vitabu hivi maelezo hukaa kushoto na picha kulia, vinatazamana. Yeye ameskani ukurasa mmoja mmoja, na paliporukwa ukurasa mmoja tu, kila kinachofuata kinahama upande: picha inaangukia nyuma ya maelezo yake, na ukitazama kushoto na kulia unasoma ndege mwingine. Majina yaliyo karibu na mshono yamekatwa. Rangi ndiyo usiseme. Ndege aina ya shore wa msituni wengi ni kijani cha zeituni, mnawatofautisha kwa duara la jicho, shavu na koo. Printa yake imewageuza wote kuwa kahawia ya tope. Kwa chozi unaweza kubahatisha, kwa shore huwezi. Na cha nyoka ni hatari kabisa: nyoka wa kijani mwenye sumu kali na yule asiye na sumu wametoka rangi moja. Mtu akifa atajibu nani? Huyu hastahili kuonywa, anastahili pingu.

Kingine, kurasa zimepakwa gundi tu mgongoni, hazijashonwa. Siku mbili za ukungu wa mlimani gundi inalegea, karatasi zinachomoka kwa mafungu, na wino ukiguswa na tone la mvua unatiririka.

Dalili, kwa haraka. Dai video ya ukurasa wa hakimiliki wa nakala ILEILE unayotumiwa, pamoja na ukurasa utakaoutaja wewe papo hapo. Toleo la 2015 lazima liwe na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya tarakimu 13 inayoanza na 978. Ukiona ya tarakimu 10 peke yake, hilo ni la kabla ya 2007. Kitabu kikifika, tazama mgongo kwa juu: cha kushonwa kina mafungu ya kurasa yaliyokunjwa, na ukifungua katikati ya fungu unaona uzi. Geuza darubini, chungulia kwa upande mpana, lenzi ya jicho iwe karibu kabisa na picha: chapa ya kiwandani ina vidoti vilivyojipanga, ya printa imemwagika ovyo. Na fungueni mzigo hapohapo stendi, stika iseme inavyotaka!

Sasa turudi kwake. Asiachwe huyu. Kudurufu kitabu cha mtu na kukiuza ni kosa chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wenye kazi hiyo. Namba ya "shemeji" itumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Polisi wanahitaji ujumbe wa muamala, mazungumzo yote bila kufuta, risiti ya mzigo yenye tarehe na namba ya basi, na kitabu chenyewe kikiwa na nailoni yake. Kwa hiyo msivichome kwa hasira, na wewe unayefikiria kumuuzia mwenzako kwa elfu hamsini ili urudishe hela, utaunganishwa naye kwenye kesi hiyohiyo.