Lenzi ya mtumba kwenye dirisha la jikoni: uzoefu wangu wa miezi miwili

Mwishoni mwa Mei nilinunua lenzi ya mtumba, milimita 70-300, kwa shilingi 350,000. Juni na Julai yote nimeitumia, na karibu kila picha nimeipiga nikiwa jikoni kwangu Rau, hapa Moshi. Msimu huu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inajifunika siku nzima, asubuhi manyunyu, na mimi si mtu wa kulowa vichakani kwa ajili ya ndege. Wao ndio wanaonifuata.

Wanafuata papai. Nimepigilia msumari kwenye kisiki mita 3 kutoka dirishani, kila asubuhi natundika nusu. Wa kwanza ni shore, wana fujo hao. Kwenye saa mbili wanatua kuzumburu sita au saba, vishungi vimesimama, mikia mirefu kuliko miili. Ni ndege wanaolala wamebanana kwa ajili ya baridi, na jua likichungulia kidogo tu wananing'inia tawini, miguu usawa wa mabega, tumbo wameliachia jua. Nilipowalenga hivyo mara ya kwanza nikakuta milimita 300, yaani lenzi ikivutwa mpaka mwisho, imezidi: kwa mita 3 ama upate kichwa ama mkia. Ikabidi nirudi 200. Wale wanaosema bila lenzi ya milimita 600 usijisumbue, karibuni jikoni.

Chozi, kale kandege kanakofyonza maua, ndiye aliyeiumbua hii lenzi. Anakuja kwenye ua la mgomba, mita 5 hivi, na hapo 300 inatosha, anajaza kama theluthi ya upana wa picha. Shida ni mwanga. Ikivutwa mpaka mwisho, tundu la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6, na haina mfumo wa kutuliza mtikisiko. Kwa kasi ya 1/250 ya sekunde kichwa kilitoka kama moshi. Nikapanda 1/640, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ikafika 3200, picha ikajaa chenga. Na juu ya hapo, kijani kile cha kichwani na kooni kinatokana na manyoya yanavyorudisha mwanga. Wingu likitanda, chozi ni ndege mweusi tu. Sasa simpigi kabla ya saa tano.

Dirisha nalo lina visa vyake. Wavu wa mbu nimeutoa kabisa, hakuna lenzi inayouvumilia. Nondo za dirisha hazisumbui, mdomo wa lenzi unapita katikati. Kukiwa na mvua nafunga kioo, nazima taa ya jikoni, nagusisha lenzi kwenye kioo nikiwa nimenyooka nacho. Ukikaa upande kidogo picha inalegea. Birika likichemka, sahau, kioo chote mvuke. Kuegemeza kamera natumia mfuko wa mchele kilo 2. Mke wangu ameshauliza, "Baba, huo mchele tutaula lini?"

Sasa lililoniudhi. Wiki ya pili niliona picha zote zenye anga jeupe nyuma zimepauka, kama zimepigwa kupitia maziwa. Nikamulika tochi kwa nyuma: nyuzinyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Kuvu. Nikampigia aliyeniuzia. "Hilo vumbi tu, bosi, linafutika." Halifutiki, liko ndani. Nimeifungia kwenye kopo la plastiki lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, na mpaka leo haijaongezeka. Ndege akiwa na majani nyuma yake, hata huoni tofauti.

Kwa ndege wa bustanini, nyota tatu na nusu kati ya tano. Fokasi yake ni ya polepole na inalia. Shore wanageuka, kuzumburu hawana habari. Kwa laki tatu na nusu ningeinunua tena, ila tochi ingetoka mfukoni kabla ya hela. Na huyo bwana aliyeniuzia anirudishie elfu hamsini yangu kwa ajili ya hiyo kuvu.