Ruta ipi ununue ili simu ya video isikwame mwenzako akipakia mafaili

Kabla hujatoa hela, fanya jaribio moja. Anza kupima pingi (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) kwenye kompyuta yako, kisha pakia faili kubwa mtandaoni. Muda wa majibu ukiruka kutoka milisekunde 20 hadi 400, shida yako ni foleni. Modemu inarundika pakiti (vipande vidogo vya data) kwenye bafa yake, yaani hifadhi yake ya muda, na kipakiti cha sauti kinasubiri nyuma ya mlundikano wa picha. Kama muda haupandi, huna haja ya kununua kitu.

Maneno ya kutafuta kwenye maelezo ya kifaa ni SQM (usimamizi wa foleni kwa akili), na njia mbili za kuifanya: fq_codel na CAKE. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, ambayo huangalia pakiti imekaa muda gani kwenye foleni badala ya kuhesabu ziko ngapi. Humo ndimo ilimozaliwa fq_codel, na CAKE ikaingia kwenye Linux 4.19 mwaka 2018.

Ya kwanza: ruta inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta. Unaongeza kifurushi cha luci-app-sqm, unachagua CAKE, unaandika kasi ya kupakua na ya kupakia, basi. Kasi hizo zipunguze: anza na asilimia 85 au 90 ya ulichopima. Ukiandika kasi kamili, foleni itarudi kwenye modemu, ambako ruta yako haina amri. CAKE ina pia mpangilio wa kugawa kasi kwa kila kifaa, hivyo kompyuta iliyofungua miunganisho 50 haiizidi nguvu simu yenye mmoja.

Tafuta yenye hifadhi ya MB 16 na RAM ya MB 128 angalau, lakini jicho lako liwe zaidi kwenye prosesa. Kazi hii inapita kwenye prosesa pakiti moja moja, na vile vifaa vya ndani vinavyoharakisha pakiti kwa kuikwepa lazima vizimwe. Ndiyo maana ruta iliyoandikwa gigabiti kwenye boksi huweza kuishiwa pumzi mapema sana ukiwasha SQM. Asiyetaka kuhangaika kubadilisha programu ya ruta anunue OpenWrt One, iliyotoka mwaka 2024 ikiwa na RAM ya GB 1.

Ya pili: ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7, mfumo wake wa kuiendesha. Nayo ina CAKE na fq_codel, na kwa ofisi yenye watu wengi naona inaipita OpenWrt: unaweza kumwekea kila mtumiaji kikomo chake na kutia alama kila aina ya trafiki. Ila inataka mtu wa kusoma. Kuna mtego mmoja: kanuni ya fasttrack, njia yake ya mkato, hupitisha pakiti bila kugusa simple queue, yaani foleni unayoweka kikomo. Asiyeizima anaweza kubadilisha namba usiku kucha na asione tofauti yoyote.

Ya tatu: kompyuta ndogo yenye OPNsense au pfSense, programu zinazoigeuza kuwa ruta. Prosesa yake haitishiki na laini ya kasi kubwa. CAKE haimo, ila FQ-CoDel ipo na inatosha. Utahitaji kifaa kingine cha Wi-Fi.

Ya nne: ruta za "gemu" zenye orodha ya programu unazopanga kwa kidole. Zinavutia dukani. Tatizo ni kwamba trafiki nyingi leo imesimbwa na inapita bandari ileile ya 443, kwa hiyo ruta inakisia tu ipi ni filamu na ipi ni kikao. Halafu simu ya sauti inayotumia G.711, mfumo wa kugeuza sauti kuwa data, ni kilobiti 64 kwa sekunde kabla ya vichwa vya pakiti. Haihitaji barabara pana, inahitaji isisubirishwe. Nunua aina hii kama tu maelezo yake yanataja SQM waziwazi.

Ya mwisho: boksi la mtoa huduma. Liache lifanye kazi ya modemu tu.

Anayetumia 4G ana jambo la ziada, kwa kuwa kasi yake hupanda na kushuka na namba moja uliyoandika asubuhi haifai jioni. Huyo achukue OpenWrt na kuiongezea skripti ya cake-autorate, inayopima ucheleweshaji muda wote na kurekebisha kikomo yenyewe kati ya kiwango cha chini na cha juu ulichokiweka.