Boti ya Kukodi kwenye Canal du Midi, Ufaransa: Tathmini kwa Wasafiri wa Uganda

Kusini mwa Ufaransa zipo kampuni zinazokodisha boti za kulala kwenye mfereji wa Canal du Midi bila kumdai mteja leseni ya unahodha. Hilo ndilo lililotuvutia mimi na rafiki yangu wa Jinja, aliyekuja kunitembelea nilipokuwa nikisoma Toulouse. Tulichukua boti ndogo mjini Castelnaudary, tukateremka nayo hadi Carcassonne, mwendo wa kilomita 40 hivi. Naipendekeza safari hiyo kwa moyo wote, ingawa mafunzo tuliyopewa kabla ya kuondoka hayakutosha.

Boti yenyewe sina lawama nayo. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, jiko la gesi na friji vilifanya kazi, maji ya kuoga yalikuwa moto, na usukani ulikuwa mwepesi. Kasi inayoruhusiwa ni kilomita 8 kwa saa, hivyo waendesha baiskeli wa ukingoni walitupita wakitupungia mkono, na aliyezoea feri ya Kalangala ataona safari inajikokota. Lakini mwendo huo ndio unaokuwezesha kuona mashamba ya mizabibu na kuzungumza na mwenzako kwa kituo.

Kazi kubwa iko kwenye malango ya maji. Mfereji huu wa kilomita 240 ulichimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet, aliyefariki mwaka 1680 kabla haujafunguliwa. Kutoka Toulouse unapanda hadi Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, kisha unashuka kuelekea Mediterania. Kwa hiyo boti hupandishwa na kushushwa kwa kujaza au kupunguza maji ndani ya vyumba vya mawe vyenye milango. Unaposhuka, mmoja hukaa kwenye usukani na mwenzake huzungusha kamba kwenye nguzo ya ukingoni, akiilegeza kadiri maji yanavyopungua. Ni mwiko kuifunga fundo, kwa sababu maji yakishuka boti itabaki ikining'inia ukutani. Isitoshe, Riquet alivijenga vyumba hivyo kwa umbo la yai ili kuta zistahimili mgandamizo wa udongo, na boti iliyonyooka haitulii kwenye ukuta uliopinda: omo, yaani sehemu ya mbele, inagusa jiwe huku tezi, sehemu ya nyuma, ikielea katikati.

Mfanyakazi wa kampuni alituonyesha swichi na injini kwa haraka, tukatia saini, akaondoka bila kugusa kamba hata moja. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu ukitoka tu kwenye bwawa kuu la Castelnaudary unakutana na malango ya Saint-Roch, vyumba vinne vinavyofuatana. Rafiki yangu amekulia Masese kati ya mitumbwi ya wavuvi, naye alizishika kamba kwa utulivu ulionipa moyo. Asiye na mwenzi wa aina hiyo adai kufundishwa kwenye lango lenyewe kabla kampuni haijamkabidhi funguo. Ajue pia kwamba malango hufungwa saa ya chakula cha mchana, na hakuna wa kubembelezwa.

Kivuli cha mivinje ya kwetu sikukikumbuka kule, kwani miti ya platani imepandwa kandokando ya maji na matawi yake hukutana juu ya boti. Inasikitisha kuona sehemu zilizobaki wazi: ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa hapo mwaka 2006 umesababisha maelfu ya miti kukatwa na kuchomwa, na michanga iliyopandwa mahali pake bado haitoi kivuli cha maana.

Chakula cha Castelnaudary ni cassoulet, maharage meupe yaliyopikwa taratibu kwenye chungu pamoja na nyama ya bata na soseji. Ni kitamu kwelikweli, ila kwa kawaida huwa na nyama ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu waulize kwanza.

Bei hupanda sana Julai na Agosti. Mei au Septemba ni nafuu zaidi na malango hayana foleni. Kabla ya kulipa, uliza dhamana ni kiasi gani, mafuta yanahesabiwaje, na kama kuna ada ya kuiacha boti katika mji mwingine. Pia anza mapema kushughulikia viza ya Schengen, kwani bila hiyo mwenye pasipoti ya Uganda hawezi kuingia Ufaransa.