Huduma ya habari za michezo kwa meseji: matokeo ni sahihi, lugha imeegemea upande mmoja

Baba yangu haoni tangu 2019, presha ya macho. Redio anayo, lakini mechi ya Coastal Union, timu yetu ya hapa Tanga, ikigongana na ya Simba au Yanga, karibu redio zote hufuata wakubwa. Ndiyo maana Septemba 2023 nikajiunga na huduma ya habari za michezo kwa meseji: shilingi 100 kwa siku, zinakatwa kwenye salio, unapata meseji tatu au nne, na siku ya mechi zinaongezeka. Simu ni yangu na msomaji ni mimi, yeye anasikiliza, pale barazani kwetu Ngamiani baada ya magharibi. Jina la kampuni silitaji.

Nianze na wanachostahili sifa. Matokeo hawajawahi kukosea. Filimbi ya mwisho ikishalia, dakika tano haziishi meseji imeingia, ina wafungaji na dakika za mabao. Na mara nyingi wanajua kuchagua kitenzi. Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga na Simba, nikasoma, "Yanga yaichakaza Simba", kabla sijaendelea mwanangu akaniita ndani. Niliporudi baba akaniambia, "Hizo si chini ya nne." Zilikuwa 5-1, na hakuwa amezisikia popote. Lugha ya mpira ina ngazi zake na shabiki anazijua bila kufundishwa: bao moja ni kuichapa au kuilaza, tatu ni kuitandika, kuanzia nne ndiyo kuichakaza. Baba alikuwepo Simba walipoifunga Yanga sita mwaka 1977, na kila kitenzi bado anakipima kwa zile sita. Kuna siku walituandikia "yaisambaratisha" kwa bao moja la penalti. Alikasirika kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani, na mimi naona alikuwa na haki. Asiyeona uwanja hana kingine cha kupimia mechi ila neno.

Sasa malalamiko yangu. Oktoba 2024 Coastal walicheza na Simba Dar es Salaam. Meseji ikaingia: "Simba yadondosha pointi mbili." Baba akauliza, "Kazidondosha mbele ya nani?" Ikabidi nishuke mpaka mstari wa tatu ndipo nikalikuta jina la Coastal. Tena mechi yenyewe Simba walitangulia 2-0, Wagosi, yaani Coastal, wakarudisha yote mawili, ikaisha 2-2 ugenini! Baba alinifanya nirudie dakika za yale mabao mara tatu, uso umemchangamka, halafu akasema, "Mwanangu, hii habari ni yetu, mbona wameianzia kwao?"

Uongo hamna katika meseji ile. Anayeshinda anapata tatu, Simba wamepata moja, hesabu imekaa sawa. Lakini mtu hudondosha kilichokuwa tayari mkononi mwake. Ukiandika kwamba pointi zimedondoka, umeshamwambia msomaji kuwa zilikuwa za Simba kabla mpira haujaanza. Sare ileile ingeweza kuandikwa "Coastal yatoka nyuma, yaibana Simba", au "Simba, Coastal zagawana pointi". Nimezipitia meseji nilizozihifadhi: mkubwa akitoka sare "anabanwa", "analazimishwa", "anadondosha", na aliyembana hatajwi kwenye kichwa cha habari. Mdogo akitoka sare "anaambulia" pointi moja, kana kwamba kaokota. Halafu kuna neno "hata": "Wakwama hata mbele ya Coastal." Hilo "hata" linaniuma kuliko kipigo. Timu hii ilikuwa bingwa wa ligi 1988, na msimu wa 2023/24 ilimaliza ya nne ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mashabiki wa Simba na Yanga ni wengi na ndio wanunuzi, hilo nalielewa. Ila hiyo mia ya Tanga nayo inakatwa kila asubuhi.

Kipindi cha usajili ndiyo balaa. "Straika kutua Msimbazi", yaani Simba. "Kiungo kutimkia Jangwani", yaani Yanga. Hiyo "kutua" haina nafsi wala wakati: hawajasema ametua, hawajasema atatua. Mchezaji mmoja "kutua" kwake nilimsomea baba kwa siku tisa, na hakutua. Nikapiga huduma kwa wateja, dada aliyepokea akanijibu kwa adabu, "Dada, sisi hatukuandika kwamba ametua." Kweli, hawakuandika. Lakini kila aliyesoma ameelewa hivyo, na mwandishi alijua tutaelewa hivyo. Pembeni yake utakuta "inaelezwa" na "chanzo cha kuaminika", wala huambiwi anayeeleza ni nani. Na "bado" nayo: "Kocha bado hajatimuliwa." Baba kusikia tu akasema, "Basi wanamtimua." Hapo hakuna aliyeandika kwamba anatimuliwa, lakini mzee wa miaka sabini na mbili amelala akijua kocha hana kazi.

Kwa anayetaka kujiunga, nilichojifunza ni hiki: kwenye usajili subiri neno "atambulishwa" au "asaini". Yakija hayo, habari huwa imekamilika. Mpaka sasa hayajanidanganya. Ikiwa "kutua", "kunukia" au "anahusishwa", usibishane na mtu kijiweni kwa ajili yake. Ukiona "yabanwa", shuka chini umtafute aliyebana.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Kasi na usahihi wa matokeo peke yake vingestahili nne. Kwa shabiki wa Simba au Yanga mwenye simu ya kitochi, ni huduma nzuri kwa bei hiyo. Kwa mtu wa Tanga, Mbeya au Singida, ajue atakuwa akiitafuta timu yake mstari wa tatu.

Nimewaandikia niwaombe siku za mechi watume matokeo yakianza na timu mwenyeji, awe nani. Hawajajibu. Baba hataki nijitoe kabla ligi haijaisha, kwa hiyo naendelea, ila kusoma nimebadilisha: naanzia mstari wa tatu, Coastal walipo, ndipo napanda juu.